Kasri lilivunjwa, banda la farasi likabaki

Julai 2018 Uingereza ilipigwa na joto la ajabu, mvua ikagoma wiki baada ya wiki, nyasi zikakauka zikawa rangi ya mkeka. Kule Clumber Park, Nottinghamshire, karibu na mji wa Worksop, kwenye uwanja wa nyasi kando ya ziwa ikaanza kuonekana mistari. Mistari iliyonyooka, kona za mraba, chumba hiki hapa, ukuta ule pale, mpaka ukirusha droni unaiona nyumba nzima imelala chini kama fundi ameitandaza ramani yake ardhini. Hiyo nyumba ilivunjwa 1938. Miaka 80 haipo, af jua likaitoa.

Sababu yake ni udongo tu. Juu ya misingi iliyofukiwa udongo ni mwembamba, mizizi haina pa kushuka kutafuta maji, kwa hiyo nyasi za pale zinaungua mapema kuliko za jirani.

Ila mi nikiangalia zile picha jicho langu lilikuwa linakimbilia pembeni. Hatua chache tu kutoka kwenye hiyo mistari limesimama banda la farasi na mnara wake wa saa, zima kabisa. Kanisa lipo, mnara umechongoka kwenda juu. Bustani ya mboga ipo na kuta zake za matofali. Yaani alikolala bwana mkubwa kumebaki nyasi, walikolala farasi wake kuna paa mpaka leo. Na hii haiko Clumber peke yake, ukizunguka Uingereza utakuta hivyo hivyo sehemu nyingi, nyumba kubwa hakuna, vijengo vya uani vipo. Ukiuliza kwa nini unajibiwa "hela ziliwaishia". Ni kweli ziliwaishia, lakini hela zikiisha zinaishia vyote, sasa mbona hiki kikaondoka na kile kikabaki?

Ili uelewe inabidi kwanza utoe kichwani picha ya kasri kama nyumba moja kubwa. Lile lilikuwa kijiji kizima kimepangwa nyuma ya jengo moja la kuonyesha. Kuna jengo la dobi na ua wake wa kuanikia, kuna chumba cha maziwa upande wa kaskazini ili jua lisikifikie, kuna kinu cha bia maana wafanyakazi wengi walihesabiwa bia kama sehemu ya malipo yao, kuna stoo ya kutundikia ndege na swala waliowindwa, kuna banda la mbwa, karakana ya seremala, mhunzi, ofisi ya msimamizi wa mashamba, vijumba vya walinzi wa mageti. Kuna na stoo ya barafu, shimo kubwa la matofali lenye umbo la yai, nusu yake iko chini ya ardhi. Wakati wa baridi kali vibarua wanaingia ziwani wanakata barafu, wanaishindilia mle ndani wanafunika na majani makavu, na ikitunzwa vizuri inafika kiangazi bado ipo, hata zaidi ya mwaka. Kabla ya friji hiyo ndo ilikuwa friji.

Sisi huku tuna mabaki ya mpango huohuo. Zile nyumba ambazo Waingereza walijijengea Nairobi au Dar, Oysterbay kwa mfano, ukienda uani unakuta kijengo kidogo cha mfanyakazi, Kenya wanaita SQ, Tanzania wengine wanasema savanti kota. Wazo ni lilelile la kwao: kazi ifanyike karibu ila isionekane. Tofauti ni ukubwa tu, wao kwenye makasri yao huo uani uliweza kuwa mkubwa kuliko nyumba yenyewe.

Banda la farasi peke yake linahitaji maneno mengi maana ndo linalowashangaza watu. Mara nyingi ni jengo la mraba lenye ua katikati, lango la tao, juu yake kimnara cha saa, mawe au matofali mazuri, mtu asiyejua anaweza kudhani ndo nyumba yenyewe. Kwa nini mnyama ajengewe hivyo? Kwa sababu farasi ndo walikuwa usafiri, ndo walikuwa fahari, na farasi mzuri wa kuwindia alikuwa mali ya bei mbaya. Mgeni akishafika anapelekwa kuonyeshwa farasi, kwa hiyo lile banda lilikuwa sehemu ya maonyesho, sio la kufichwa kama dobi. Chini farasi kila mmoja kwenye kizimba chake, pembeni magari ya kukokotwa, juu ya dari vijana wa farasi wanalala huku joto la wanyama linapanda kwao kupitia mbao. Na ile saa ilikuwa ya kila mtu. Mtunza bustani hana saa mfukoni, anasikia kengele ikilia bandani ndo anajua muda wa kuanza na muda wa kula.

Sasa Clumber yenyewe. Ilikuwa makao ya Maduke wa Newcastle (Duke ni cheo kikubwa cha kurithi kule Uingereza), kasri lilijengwa kuanzia miaka ya 1760 kwa michoro ya Stephen Wright, likawekewa ziwa la kutengenezwa lenye ekari kama 87 mbele yake. Machi 1879 moto ukala sehemu kubwa ya katikati, Charles Barry Mdogo akaajiriwa kulijenga upya. Moto mwingine ukaja 1912. Duke wa 7 alikuwa mtu wa dini sana, kati ya 1886 na 1889 akamjengesha msanifu G. F. Bodley kanisa la Mtakatifu Maria palepale karibu na nyumba, ukilisikia jina la kanisa la familia usidhani ni chumba cha kusalia, lina mnara wa mita 55 hivi, lilimgharimu kama pauni 30,000 za enzi hizo. Nyuma kuna bustani ya mboga ya ekari 4 iliyozungushiwa ukuta, na ndani yake nyumba ya vioo yenye urefu wa futi 450, mita 137. Uwanja wa mpira una mita mia na kidogo, piga hesabu mwenyewe.

Halafu mambo yakageuka. Wenye makasri walikuwa wanaishi kwa kodi za mashamba, yaani hela ya pango waliyolipa wakulima, na kuanzia miaka ya 1870 ngano ya Marekani ikaanza kushuka bandarini kwa bei ya chini, reli na meli za mvuke zimeifanya safari kuwa rahisi, baadaye ikaja na nyama kwenye meli zenye baridi. Kufika 1894 bei ya ngano Uingereza ilikuwa chini ya nusu ya ilivyokuwa miaka ya 1870. Mkulima hawezi kulipa kodi ileile, mwenye shamba mapato yanakatika. Mwaka huohuo 1894 serikali ikaleta kodi mpya ya mirathi, iliyoanza kwa asilimia 8 kwa matajiri wa juu kabisa, watu wakaona ni kubwa. 1919 ikafika 40. 1949 ikafika 80. Sasa fikiria familia ambayo baba amefariki, halafu mrithi naye akafia Ufaransa kwenye Vita Kuu ya Kwanza miaka miwili mbele, kodi inadaiwa mara mbili kwa mali moja (serikali ilikuja kuwalegezea waliokufa vitani, lakini haikufuta yote). Na wafanyakazi walioenda vitani na viwandani walikuta huko mshahara mzuri na jioni ya kwao wenyewe, wengi hawakurudi kubeba ndoo za makaa ngazi nne kwenda juu. Kasri bila watu wa kuwasha moto na kusafisha ni jumba la baridi lenye paa linalovuja.

Clumber ndo ikafuata njia hiyo. Kuanzia 1937 vitu vikaanza kupigwa mnada, maktaba ikatawanywa London, na 1938 nyumba ikavunjwa. Uvunjaji haukuishia hapo nchini, baada ya Vita Kuu ya Pili ndo ukashika kasi maana jeshi lilikuwa limeyachukua makasri mengi na kuyarudisha yamechoka, mwaka 1955 ukawa mbaya kuliko yote, kwa wastani ilikuwa inaanguka nyumba moja kila siku tano. Mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert likafanya maonyesho juu ya msiba huu, wakasoma majina ya nyumba zilizopotea, zaidi ya elfu moja.

Haya, tumerudi kwenye swali. Mi naona jibu lina nyuzi kadhaa zimesokotana, na uzi wa kwanza watu hawautaji kabisa: nyumba kubwa ilikuwa na vitu vya kuuza. Mvunjaji wa majumba ni mfanyabiashara, anaangalia paa anaona tani za madini ya risasi, anaingia ndani anaona mbao za mwaloni ukutani, meko za marumaru, ngazi za kuchongwa, sakafu, na nje ya nchi kuna wateja wenye hela. Kasri la Cassiobury pale Watford lilivunjwa 1927, ngazi yake ya mbao yenye nakshi ya majani na matunda leo iko New York, kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, unaweza kwenda kuisimamia mbele. Banda la farasi la Cassiobury limebaki Watford. Angalia sasa mantiki yake: uzuri wa nyumba ulikuwa wa kung'oleka, unauzika kipande kipande, ndo ukaiponza. Banda lina nini? Matofali, mawe ya sakafu, vizimba vya mbao vilivyoguguniwa na farasi. Ukilivunja unalipa vibarua halafu mwisho wa siku umebaki na kifusi. Kwa hiyo likaachwa.

Uzi wa pili ni umbali. Dobi, kinu cha bia, banda, vyote viliwekwa mbali kidogo kwa sababu ya harufu, kelele na hasa moto, maana huko ndo kuna majiko makubwa na nyasi kavu. Walikuwa wanailinda nyumba dhidi ya uani. Ikatokea kinyume, moto ulipoanzia ndani ya nyumba ule umbali ukaulinda uani. Coleshill, ambayo siku hizi inahesabiwa Oxfordshire, ni mfano unaoniuma mpaka leo. Nyumba ile ilikuwa kazi ya Roger Pratt ya karne ya 17, wapenzi wa usanifu walikuwa wanaitaja kati ya nzuri kuliko zote Uingereza. Ikashika moto 1952 wakati mafundi wakiwa kwenye matengenezo, 1958 magofu yakabomolewa. Mabanda yapo. Na mabanda yale yana kisa chao wenyewe: 1940, Uingereza ikiogopa kuvamiwa na Wajerumani, Coleshill ikafanywa makao ya mafunzo ya kikosi cha siri cha raia ambao wangebaki nyuma ya adui wakilipua madaraja na maghala. Walioitwa hawakuambiwa mahali, waliambiwa wakaripoti posta ya kijiji cha Highworth, pale mama wa posta anawakagua, anapiga simu, gari linakuja kuwachukua. Mabanda yalihifadhi farasi wa mabwana, yakaja kutumika na wakulima na mafundi waliokuwa tayari kufia kwenye maficho yao ya chini ya ardhi, na kuta ni zilezile.

Hapo ndo penye uzi wa tatu, matumizi. Kasri la vyumba vingi halijui kuwa kitu kingine. Limejengwa kwa ajili ya familia moja na jeshi la watumishi, ukiondoa watumishi umebaki na vyumba vya futi kumi na tano kwenda juu ambavyo hakuna anayeweza kuvipasha joto. Vijengo vya uani ni vidogo, dari ziko chini, milango ni mipana, kila kimoja kina mlango wake wa nje. Gari lilipoingia badala ya farasi, chumba cha magari ya kukokotwa kikawa gereji bila kubadilishwa hata tofali moja. Wanapolala vijana wa farasi pakawa nyumba ya dereva. Kinu cha bia kikawa stoo. Baadaye zikaja ofisi, karakana, migahawa, fleti. Kitu ambacho kiliwahi kufanya kazi kinapokea kazi nyingine kirahisi.

Kuna wakati sababu ni ya kipekee kabisa na hairuhusu kujumlisha. Eaton Hall kule Cheshire, makao ya Maduke wa Westminster ambao hela hawakukosa, jumba lile lililochorwa na msanifu Alfred Waterhouse lilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ila kanisa na mnara wake wa saa wenye kengele 28 vikaachwa, pamoja na mabanda. Trentham, Staffordshire, familia ilihama kwa sababu mto Trent ulikuwa unabeba maji machafu ya miji ya viwanda vya vyungu mpaka chini ya madirisha yao, nyumba ikavunjwa karibu na 1912. Clumber nako kanisa lilikuwa na miaka 49 tu siku nyumba inaangushwa, lilikuwa bado jipya. Na kuna kitu kimoja pale kinachanganya wageni: chumba kimoja cha kasri lenyewe kiliponea, chumba cha Duke cha kusomea, kazi ya yule Barry Mdogo. Kimesimama peke yake kama jino moja kwenye ufizi. Siku hizi watu wanakunywa chai mle ndani.

Sasa nije kwenye sheria, maana hapa ndo watu wanapotea kabisa na ndo nilitaka kuandika hii makala. Ulinzi wa majengo ya kihistoria Uingereza kwa mfumo wa orodha ulianza na sheria ya 1947. Jengo likiingia kwenye orodha linapewa daraja, la I ambalo ndo la juu kabisa, la II lenye nyota, au la II. Lakini mwanzoni ulinzi ulikuwa dhaifu, mwenye nyumba alitakiwa atoe taarifa miezi miwili kabla ya kuvunja, halmashauri ikikaa kimya anavunja. Ni sheria ya 1968 ndo ilisema lazima upate kibali. Kwa hiyo hata nyumba za 1955 zilizokuwa kwenye orodha hazikuwa na kinga ya kweli.

Vijengo vya uani vinaingiaje? Sheria ya 1990 inasema jengo kuu likiwa kwenye orodha, basi kitu chochote kilichopo ndani ya uwanja wake wa nyumbani, na kimekuwa sehemu ya ardhi hiyo tangu kabla ya tarehe 1 Julai 1948, kinahesabiwa kimelindwa pamoja nalo. Banda, ukuta, kisima, hata choo cha nje. Inasikika rahisi. Shida iko kwenye neno uwanja. Unaishia wapi? Mahakama zimelivuta hilo neno miaka mingi, na kwenye kesi ya Calderdale ya miaka ya mwanzo ya 1980, iliyohusu nyumba za safu za wafanyakazi zilizounganishwa kwa daraja na kiwanda cha nguo, vikatajwa vitu vitatu vya kuangalia: majengo yamepangikaje, nani alimiliki na anamiliki, na yanatumikaje au yalitumikaje kwa pamoja.

Fikiria sasa jengo kuu halipo. Banda linaegemea nini? Ile kinga ya "mtoto wa nyumba kubwa" inakuwa haina mama. Kama kasri lilivunjwa kabla orodha haijaanza, kama Clumber ya 1938, basi kila kijengo lazima kiingie kwenye orodha kwa jina lake na kwa sifa zake, kanisa lile lina daraja la I kwa haki yake lenyewe, chumba cha kusomea kina la kwake, na kadhalika. Kilichojengwa vizuri kinapata. Kilichojengwa kwa kazi tupu, kibanda cha kuchemshia chakula cha kuku, chumba cha kupandia miche kwenye vyungu, ukuta wa nyuma wa bustani, mkaguzi anaweza kupita asikione, na kikipitwa hakina mtetezi, mwenye ardhi akikivunja Jumatatu Jumanne hakuna kesi. Hii inanikera kweli. Vitu vinavyoeleza maisha ya walio wengi pale ndo vyenye ulinzi mdogo, kwa sababu tu havikuwa na nguzo wala nakshi.

Na hata kikilindwa, kukilinda na kukitunza ni mambo mawili. Ukijenga nyumba mpya Uingereza kodi ya ongezeko la thamani ni sifuri, ukikarabati banda la zamani unalipa asilimia 20. Kabla hujagusa paa inabidi uangalie popo, maana popo na maficho yao wanalindwa kisheria tangu 1981 na wanapenda dari za mabanda kuliko kitu chochote, ukiwakuta unasubiri msimu wao. Mi siwalaumu popo, nao wamekosa pa kukaa. Ila unaelewa kwa nini mwenye shamba anaahirisha, bati linaloshikilia kona linaachia, mvua inaingia, boriti inaoza polepole.

Clumber ilipata bahati. Vita ilipoisha paki ilikuwa imetumiwa na jeshi kama ghala la mabomu, na mle ndani walijaribu ile mashine kubwa ya kuchimba mahandaki ambayo Churchill aliipigania. 1946 watu wakachangishana, ikapatikana pauni 45,000, shirika la National Trust, linalohifadhi majengo na ardhi za kihistoria, likainunua paki nzima, ekari kama 3,800. Walinunua ardhi, miti, ziwa na hivi vijengo, na mahali palipokuwa na nyumba.

Ukienda leo anza na bustani ya mboga, utanishukuru. Ukuta unaotazama kusini unanyonya jua mchana kutwa, kwenye bustani nyingi za aina hii wajenzi waliacha hata njia za moshi ndani ya ukuta ili moto wa makaa upite kuupasha. Weka kiganja kwenye matofali saa kumi jioni, ni ya vuguvugu kama chungu kilichoepuliwa muda kidogo. Miti ya matunda imebanwa bapa kwenye matofali, matawi yamenyooshwa kulia na kushoto. Upande mwingine wanatunza aina zaidi ya 130 za rubabu, ule mmea wa mashina mekundu machachu ambao Waingereza wanaupika na sukari, ni moja ya mikusanyo mikubwa kabisa nchini kwao. Watunza bustani bado wanavuna, mazao yanaenda kwenye mgahawa, hakuna Duke wa kupelekewa, na nyumba ya vioo ya mita 137 bado inawekewa zabibu.